Sandwichi Haipigwi Pasi

Kila asubuhi nyumba ile iliamshwa na mlango wa bafu. Bawaba zake zilikuwa kavu, na mlango ulilia kama mbuzi aliyefungiwa nje. Wa kwanza kuingia alikuwa mume. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi majumba, na aliondoka kabla jua halijapanda. Wa pili alikuwa mkewe. Yeye alishona sare katika karakana moja, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Wa mwisho alikuwa Mzee, baba wa mume. Mzee hakuwa na haraka. Zamani alikuwa kinyozi, lakini miguu yake haikuweza tena kusimama kutwa nyuma ya kiti.

Mchana Mzee alibaki peke yake. Alikatazwa kuwasha jiko la gesi. Siku moja aliteleka birika, akatoka barazani kuzungumza na mteja wake wa zamani. Maneno yalikuwa matamu. Maji yalikauka, birika likaungua, na jiko likawa halali kwa wengine, haramu kwake. Tangu hapo chakula chake cha mchana kilikuwa kile kisichohitaji moto.

Chakula hicho kilikuwa sandwichi ya nyanya, mozarela na mrehani. Mozarela ni jibini laini, nyeupe, inayouzwa ikielea ndani ya maji yake. Mrehani ni mmea wenye majani ya kijani yanayonukia. Mume alipewa sandwichi hiyo alipokuwa akipaka rangi mkahawa mmoja. Alikula nusu, nusu akamletea baba yake. Mzee aliila, akalamba vidole.

"Nusu ya pili iko wapi?" aliuliza.

"Nimekula mimi, Baba."

"Ndiyo maana unanenepa peke yako."

Fundi alisikia, akafurahi. Kumbe kuna kitu Mzee anakipenda! Akanunua vitu vyote. Kwa kuwa asubuhi hakuwa na nafasi, alitengeneza sandwichi jioni. Alikata vipande vinene vya nyanya, akavitia chumvi. Akaweka jibini, akaweka majani, akafunika kwa mkate. Lakini sandwichi ilikaa upande. Fundi hakupenda kitu kinachokaa upande. Kule karakanani walikuwa wakiambiana, nguo haijaisha mpaka ipigwe pasi. Basi akaifunga sandwichi kwa nailoni, akachukua pasi yake nzito, ikiwa baridi, akaiweka juu. Sandwichi ililala hivyo mpaka asubuhi. Ilipoamka ilikuwa bapa na imenyooka kama kola ya shati. Fundi aliiweka kwenye sahani mezani, akaifunika kwa kawa, akaenda kazini.

Jioni alikuta sahani imeoshwa. Siku iliyofuata, vilevile.

"Umekula, Baba?"

"Huioni sahani?"

Hata hivyo Mzee alizidi kukonda. Mkanda wake ulihitaji tundu jipya. Na siku moja majirani walimkuta ameanguka kwenye mlango wa jikoni. Hakuvunjika, ila alikuwa na kizunguzungu, na jasho lilimtoka.

Zahanatini, muuguzi aliitazama dawa ambayo Mzee alikunywa kila mchana.

"Hii hunywewa baada ya kula. Leo mchana umekula nini, Mzee?"

Mzee alitazama dari. "Nimekula."

"Nini?"

"Nimesahau."

Fundi na mumewe walipomrudisha nyumbani, walimkuta dada wa mume ameshafika. Kwa Fundi huyo alikuwa wifi. Alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa na mwendo wa haraka, na alimpenda baba yake kwa sauti hiyohiyo. Alipokwenda kutupa boksi tupu la dawa, aliona gazeti lililokunjwa ndani ya pipa la taka. Akalifungua. Ndani mlikuwa na sandwichi nzima, haijaumwa hata mara moja.

"Wifi," aliita, "njoo uone. Pipa la taka hapa kwenu linakula vizuri kuliko baba yangu."

Fundi aliitazama ile sandwichi. Halafu akamtazama Mzee.

"Baba, kumbe huli?"

Mzee alijikuna kidevu. "Mwanangu, usinune. Huo mkate ni kama taulo la kunyolea. Umelowa, umebanwa, tena unanuka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Unarudi umechoka, mgongo umepinda, halafu unakaa tena kunishonea mkate. Mtu akikupa kwa moyo, unapokea."

"Unapokea, halafu unatupa," alisema Wifi. Hakucheka. "Sasa nisikilizeni. Kwangu kuna mtu nyumbani mchana kutwa. Jumamosi nakuja na gari. Nikimkuta hali, naondoka naye."

"Mimi si sanduku," alisema Mzee.

"Sanduku halianguki jikoni, Baba."

Kwa Wifi kulikuwa mbali, mji mwingine kabisa. Mzee hakumjua mtu huko. Hapa wateja wake wa zamani walipita barazani kila siku, wakaketi, wakabishana naye kuhusu mpira. Wengine waliinamisha vichwa awaambie kama wamenyolewa vizuri. Kamwe hawakuwa wamenyolewa vizuri.

"Huko nitazungumza na nani?" Mzee aliuliza, Wifi alipokwisha kuondoka.

Jioni ile Fundi hakushika kisu. Alikwenda nyumba ya pili, kwa Mama Jibini. Jirani huyo alifanya kazi katika kiwanda cha maziwa, na jina hilo alilipata huko. Ndiye aliyemuuzia Fundi mozarela siku zote. Fundi alinunua, akashukuru, akaenda zake. Hakuwahi kumuuliza namna ya kuitumia. Aliona aibu kuuliza jambo dogo kama mkate.

Mama Jibini alimfuata mpaka jikoni. "Nionyeshe unavyofanya."

Fundi alimwonyesha. Alipofika kwenye pasi, Mama Jibini alishika meza.

"Pasi? Pasi ya nguo?"

"Ikiwa baridi lakini."

"Haya, asante kwa hilo!" Alicheka mpaka akakaa. Kisha akafuta macho. "Jirani, sandwichi haipigwi pasi. Nyanya ina maji mengi. Ukiitia chumvi, chumvi inayavuta maji yatoke. Yakitoka yanakwenda wapi?"

"Kwenye mkate."

"Na wewe umeyasukuma kwa chuma usiku kucha. Lakini hilo ni la ladha tu. Lipo baya zaidi. Jibini hii ni mbichi, haipendi joto. Ikiwa kwenye friji, ndani ya maji yake, ni salama. Ikikaa mezani tangu asubuhi mpaka mchana, vijidudu vinazaliana. Wewe na mimi tungeumwa tumbo, tukapona. Mtu wa umri wa Mzee angeharisha mpaka alazwe."

Fundi aliweka mkono mdomoni. "Kwa hiyo angekula..."

"Afadhali hakula."

Bomba la maji lilidondosha tone.

"Sasa nifanyeje?" Fundi aliuliza. "Mchana sipo. Na Jumamosi anachukuliwa."

"Usitengeneze. Acha kila kitu peke yake. Mkate kwenye mfuko wake. Nyanya nzima. Jibini kwenye friji. Mrehani kwenye glasi ya maji, kama maua. Mchana atengeneze mwenyewe, ale hapohapo."

"Mzee? Na kisu?"

Sauti ilitoka chumbani. "Nimepitisha wembe kwenye shingo za watu maisha yangu yote! Nyanya ndiyo itanishinda?"

"Mzee, kumbe unasikiliza," alisema Mama Jibini.

"Nyumba ni ndogo na wewe una mdomo mkubwa."

"Basi njoo. Na uje umenawa mikono."

Mzee alikuja, mikono inanuka sabuni. Mama Jibini alimketisha. Aliosha nyanya na majani kwa maji safi ya bomba, akampa kisu. Mzee alikijaribu makali kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akakinoa kwanza. Kisha akakata. Vipande vilitoka vyembamba, sawasawa, kimoja baada ya kingine.

"Kumbe," alisema Fundi taratibu.

"Sasa vitandaze kwenye kitambaa safi," alisema Mama Jibini. "Nyunyiza chumvi kidogo. Subiri kidogo, halafu vikaushe juu kwa kitambaa. Ona maji yaliyotoka. Hayo ndiyo yaliyokuwa yanalowesha mkate wako."

"Nakausha kama shavu la mteja," alisema Mzee.

"Hivyohivyo. Na jibini nayo ikate, uikaushe. Mkate upake mafuta kidogo ya zeituni upande wa ndani. Mafuta yanazuia maji yasiingie upesi."

"Na majani?"

"Majani mwisho, uyachane kwa mkono. Ukiyakata mapema yanakuwa meusi. Haya, funika. Kula sasa, usiniangalie mimi."

Mzee aliuma. Ganda la mkate lililia kwenye meno yake. Alitafuna polepole, akameza, akauma tena.

"Hii ina sauti," alisema. Akaimaliza yote.

Mama Jibini alimwonyesha Fundi kopo la jibini. "Kila unaponunua, soma hapa. Iwe ya maziwa yaliyopashwa moto kuua vijidudu. Tazama na tarehe. Ukishafungua, imalize upesi. Ikiwa chachu au inateleza kwa utelezi, itupe. Usionje kujaribu."

Siku iliyofuata Fundi alipanga vitu kwenye friji, rafu ya mbele. Karakanani alishona mkono wa shati nyuma mbele. Jioni hakuitazama sahani. Sahani ilikwishamdanganya. Alifungua friji. Nyanya zilikuwa zimepungua. Kwenye pipa la taka mlikuwa na vikonyo tu. Alivunja ganda moja la mkate lililobaki, akalitafuna amesimama.

Mambo hayakunyooka mara moja. Siku moja Mzee alimwita mteja wake mmoja ndani ili amwonyeshe, wakabishana, na jibini ikasahauliwa mezani. Fundi aliikuta ina joto. Akaimwaga.

"Ilikuwa bado nzuri!" Mzee alilalamika.

"Kwa macho, Baba. Vijidudu haviji na ngoma."

Mzee alinuna mpaka wakati wa kulala. Lakini toka siku hiyo alirudisha jibini kwenye friji kabla hajaketi kula. Akila, alikunywa dawa. Kizunguzungu hakikurudi.

Jumamosi Fundi alifanya kazi nusu siku. Alitembea kwa haraka, karibu akimbie. Alipokata kona aliliona gari mbele ya mlango. Buti lilikuwa wazi, na ndani yake lilikuwamo begi la Mzee, limefungwa zipu.

Fundi alisimama. Kisha akaingia bila kuvua viatu.

Jikoni, Wifi alikuwa amekunja mikono ya gauni. Mbele yake palikuwa na kitambaa na vipande vya nyanya. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake, glasi ya maji mkononi, dawa ameshameza.

"Kausha, usisugue," alikuwa akisema. "Huoshi gari."

"Nakausha, Baba."

"Unasugua."

Wifi alimwona Fundi, akapumua kwa nguvu. "Wifi, umefika. Huyu mzee ana kiburi! Nimeingia, nikamfungia begi bila hata kuuliza, nikalitia garini. Narudi kumchukua, namkuta anakata nyanya. Nikataka kumsaidia, akaniambia nikanawe mikono. Mimi!"

"Ulikuwa umeshika begi," alisema Mzee.

"Amekula mbele yangu. Yote. Halafu akaniuliza kama nina njaa." Wifi aliweka majani juu ya jibini, akafunika mkate, akauma. Alitafuna, akauma tena kabla hajameza.

Fundi alishika mgongo wa kiti. "Na lile begi, wifi?"

Wifi alimeza. Alimtazama baba yake kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama anayekagua nguo kabla ya kuinunua. Kisha akageukia mlango wa nyuma. Dereva wake alikuwa ameketi kwenye ngazi, sandwichi mkononi, mashavu yamejaa.

"Dereva! Katoe begi la Mzee garini, ulirudishe ndani."

Dereva aliinua mkono, bado anatafuna.

"Mwache ale kwanza," alisema Mzee. "Begi linaweza kungoja. Sandwichi haiwezi."