Kigingi cha Tatu

"Pavani inaanza saa saba. Kadi isifike uwanja wa ndege."

Masika alifuta ujumbe. Miaka kumi na minne ya ujasusi. Mikono yake haikuhisi tena chochote.

Kadi hiyo ya kumbukumbu ilikuwa ndogo kama ukucha. Ndani yake mlikuwa na majina tisa ya mashahidi waliojificha mtaa wa Yeoville, na waliolipia majina hayo walitaka kuwaua. Jina la nne lilikuwa la Denise, msusi wa Masika.

Ukumbi wa Randburg ulikuwa nusu tupu. Jukwaani walikaa wapigaji watatu wa luti, ala ya nyuzi yenye mgongo wa mviringo kama kibuyu. Mmoja wao alibeba kadi.

Yupi?

"Dada, unaona nini?" Twalib aliuliza sikioni mwake, kutoka kwenye basi dogo la Quantum lililoegeshwa nje.

"Wazee watatu na nyuzi nyingi."

"Eish. Tuwabebe wote?"

"Ngoja."

Pavani iliisha, ile ngoma ya polepole ya mabwana wa Ulaya wa zamani. Baada yake hufuata galiadi, ngoma ya kurukaruka. Lakini hewa kavu ya Joburg huvuruga nyuzi za utumbo wa kondoo. Wapigaji wakaanza kuzirekebisha kwa kuzungusha vigingi vinavyozikaza, kimoja baada ya kingine.

Wa katikati, Mansour, alimpa jirani yake aliyekohoa chupa yake ya maji. Masika aliliona hilo.

Kisha Mansour akakiruka kigingi cha tatu bila kukizungusha.

Galiadi ilipoanza, uzi huo ulilia vibaya. Alikunja uso. Hakukigusa kigingi.

"Wa katikati. Kigingi cha tatu kina kitu ndani."

"Sharp, dada."

Makofi. Nyuma ya pazia, bastola ya Masika, Glock, ikagusa mbavu za Mansour.

"Basi, baba."

"Nani kanisaliti?"

"Uzi wako. Mpigaji gani huuacha ukilia hivyo?"

Masika alichomoa kigingi. Kadi ikamdondokea kiganjani.

"Yule mwenye kikohozi," Mansour alisema, "dawa yake iko kwenye koti langu."

Twalib alimchukua Mansour. Masika akampelekea mzee mwenye kikohozi dawa yake.

Saa kumi alikuwa akisukwa kwenye kiti cha Denise, ambaye hakujua lolote.

"Yaya, dada yangu, nimevuta nywele sana?"

"Sisikii kitu."

Denise alilegeza msuko hata hivyo.

Alipomaliza, Masika alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akatoka barabarani taratibu, kwa mwendo wa pavani.