Mstari wa Kwanza

Saa kumi na mbili na robo jioni, Yuster alikuwa amebakiza kazi moja tu: kuchapa tangazo la msiba wa mzee mmoja wa Chilangala, kisha akalibandike sokoni Masasi na kwenda zake nyumbani. Tajiri yake, Mzee Basil, alikuwa Chiwata kununua korosho. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye mizani akajiita mnunuzi, na faida ya msimu uliopita ndiyo iliyoleta kompyuta kwenye duka lake la kuchapa.

Kompyuta hiyo ndiyo iliyomkosanisha Yuster na Ida, mwenzake wa kazi. Kabla yake Ida alikuwa ndiye yeye, mpiga taipureta asiyekosea. Sasa taipureta imefunikwa kitambaa, na Ida anachemsha chai. Alimchukia Yuster, na Yuster naye hakuwa malaika, alimcheka waziwazi. Jumatatu Ida aliaga kwamba mama yake mzazi anaumwa huko Newala.

"Newala gani?" Yuster aliwaambia wateja. "Kanuna tu huyo. Yupo kwake, kalala."

Kilichompa Yuster kichwa kikubwa ni kiolezo chake. Maneno ya tangazo la msiba aliyaandika mara moja tu, akaacha nafasi tatu: jina la marehemu, siku, saa. Majina yenyewe aliyaweka pembeni, kwenye orodha. Akibonyeza, kompyuta inachukua mstari wa kwanza wa orodha, inajaza nafasi, tangazo linatoka limekamilika. Asubuhi ile alikuwa ameandika mstari mmoja, wa yule mzee.

Akaifungua orodha.

Mistari ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa na jina lake.

Si Yuster. Ni lile la utotoni. Kwao Chiungutwa msichana huingia unyagoni na jina moja, akatoka na jingine. La zamani huachwa hukohuko, na kumwita mtu mzima kwa jina hilo ni kumtukana. Hata hapa halitaandikwa.

Siku: leo. Saa: kumi na mbili na nusu.

Akaufuta mstari. Ukarudi... herufi moja moja, na vidole vyake vilikuwa mapajani.

Ndipo aliposikia harufu. Moshi wa maganda ya korosho, ule mkali unaowasha koo. Jirani hapakuwa na mtu anayebangua. Alipoinua macho, mwanamke mmoja alikuwa amesimama mbele ya meza, kajitanda kaniki, mikono myeupe kwa unga mpaka viwikoni. Mlango haukulia.

"Shikamoo, mama."

Marahaba haikuja.

"Nimefuata tangazo," mwanamke alinong'ona.

"La mzee wa Chilangala? Subiri kidogo, mama..."

"La mstari wa kwanza."

Yuster alihisi kifua kinabana. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na mbili na dakika ishirini.

"Nani kaliandika jina hilo?"

"Mlilitupa. Mimi nikaliokota."

"Basi lifute! Nakuomba, mama."

"Nafasi haikai wazi, Mama Shakila. Weka lingine kama hilo."

Mkono wake wa kushoto ukafa ganzi. Pumzi zikawa za kuhesabu. Akamwona Shakila, miaka sita, amekaa kizingitini akimsubiri. Baba yake alikwisha kufa, na mtoto yule hakuwa na mwingine duniani. Hofu ikamshika, na nyuma ya hofu ikaja hasira. Nani hapa dukani analijua jina lile? Ida. Walichezwa unyago pamoja, na Ida ana ufunguo wa duka. Mchana huu, Yuster alipokwenda kula...

"Kumbe ni yeye! Mchawi mkubwa!"

Na la Ida alilijua pia.

Akaliandika mahali pa lake. Akabonyeza.

Krrr... krrr... krrr...

Karatasi ikatoka, nafasi zote zimejaa. Kifua kikafunguka. Tusimfichie: alifurahi.

Mwanamke akaikunja karatasi, akaitia kifuani. Hakuondoka.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa Edmund, mume wa Ida, akipiga kutoka Newala.

"Shemeji... Ida ametutoka. Sasa hivi. Alikuwa anamnywesha mama uji, mara kijiko kikamponyoka..."

"Edmund, si alikuwa huku Masasi leo mchana?"

"Masasi? Tangu Jumatatu hajabanduka kitandani kwa mama. Jana tu kanambia akirudi mtayamaliza maneno yenu, kachoka kugombana na wewe." Akalia. "Tuandikie tangazo, shemeji. Wewe ndiye unayejua."

Yuster aliweka simu chini. Alikuwa amemuua mtu asiye na kosa.

Kisha akatazama kompyuta.

Mstari wa kwanza. Jina lake. Saa: moja kamili.

Mwanamke alikuwa akiitazama saa ya ukutani, na kifua cha Yuster kilianza kubana tena.

Mwaka ule wa unyago walichezwa wasichana saba, na majina yao yote ya utotoni aliyajua. Yuster, akilia, kamasi zikimtiririka mpaka mdomoni, akaanza kuwapitisha waliobaki mmoja mmoja kichwani. Scholastika ana mimba. Ziada ndiye aliyekesha na Shakila alipougua surua. Hao wawili hapana. Hao siwezi. Kurwa aliolewa mbali, Tunduru, na ilikuwa mwaka wa nane hawajaonana.

Yuster akavuta kibodi karibu.