Vitufe Sita vya Chumba Baridi

Ujumbe uliingia saa tatu na dakika arobaini asubuhi.

NYAMA IMEHARIBIKA. ITOE KWENYE FRIJI.

Mwalimu aliusoma mara moja, akaufuta, akatukana kimoyomoyo. Mkuu wake alipenda mafumbo ya jikoni kuliko mtu mzima anavyopaswa kupenda. Nyama ni mkemia wa serikali, aliyepenyezwa wiki tatu zilizopita katika ghala la wauza magendo. Kuharibika ni kugunduliwa. Na friji ilikuwa friji kweli: chumba baridi cha ghala hilo, nyuzi ishirini chini ya sifuri.

Jambo moja Mkuu hakuliandika, kwa sababu ofisi nzima ililijua.

Mkemia huyo alikuwa mume wa zamani wa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa amelala kifudifudi juu ya paa la duka la matairi tangu alfajiri, darubini ya Nikon machoni, akilitazama ghala ng'ambo ya barabara. Aliiacha darubini hapo hapo. Akateremka kwa bomba la maji, akavuka barabara, akaruka ukuta wa nyuma.

Mlinzi alimwona akiwa hatua tatu. Akafanya kosa la kuitazama bastola ya Beretta mkononi mwake badala ya mguu.

Teke lilimpata kifuani. Kitako cha Beretta kikamalizia. Mlinzi alilala fofofo kando ya pipa la taka, na hapo Mwalimu akagundua kwamba amefanya kazi nzuri kupita kiasi. Sasa hakuna wa kumuuliza namba za mlango.

"Kituo, niko ndani."

"Sikiliza," Mkuu alisema sikioni mwake, bila salamu. "Lori lao limezuiwa barabara kuu. Makatoni mia nne ya dawa ya usingizi ya kupasulia wagonjwa. Feki yote, isipokuwa machache ya kuwazuga wakaguzi. Makaratasi yao ni safi. Kamanda wa kizuizi anaweza kulishikilia dakika ishirini tu, halafu lazima aliachie."

"Na anayejua feki iko wapi ni mkemia."

"Ndiyo. Halafu Miwani amegeuza gari. Ana Hilux nyeupe. Dakika kumi na tano atakuwa hapo."

Miwani ndiye bosi wa magendo. Hakuna aliyewahi kumwona bila miwani yake myeusi, hata gizani.

Mlango wa chumba baridi ulikuwa wa chuma, mnene kama godoro. Katikati kulikuwa na kufuli la vitufe: kumi vya namba, kimoja cha kufuta, na kishikio. Halina umeme, halina betri. Juu yake yalipita mabomba ya amonia ya mitambo ya baridi. Risasi moja ikipotea, gesi itamuua mfungwa na mwokozi wake pamoja. Kuvunja hakukuwezekana.

Kando ya fremu palikuwa na tundu la hewa. Mwalimu akainama.

"Uko hai?"

Meno yalisikika yakigongana. "Nani?"

"Mimi."

"Hawakuwa na mtu mwingine wa kutuma?"

"Walikuwepo. Wana akili, wakakataa."

"Wamening'olea kitasa cha ndani. Nina shati tu. Nimo humu tangu saa tatu." Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu anayesinziasinzia. "Vidole sivisikii tena."

"Usilale."

"Usinipangie."

Mtu huyu alimwacha na binti wa miaka minne na mlango wa jikoni usiofungika. Miaka kumi na mbili Mwalimu alikuwa amemchukia kwa utulivu, bila likizo. Lakini binti yao alimpenda baba yake, na leo asubuhi alikuwa shuleni akifanya mtihani, hajui lolote. Mwalimu aliogopa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopea nafsi yake, na hilo nalo lilimuudhi.

Akatoa tochi ndogo ya Maglite, akamulika vitufe kwa upande. Vinne vilikuwa na vumbi. Sita viling'aa kwa kuguswaguswa: moja, tatu, nne, sita, nane, tisa.

"Namba ya siri ina tarakimu ngapi?"

"Tano. Nilisikia mlio mara tano kila walipofungua. Hawarudii kitufe; kikibonyezwa kinabaki ndani. Na Miwani hukisugua kimoja cha ziada, kuwazuga wezi."

Kabla ya ujasusi alifundisha hesabu miaka tisa, ndiyo maana wakamwita Mwalimu. Kichwa kilianza kazi chenyewe. Kitufe cha kwanza, chaguo sita. Cha pili, tano zilizobaki. Kisha nne, kisha tatu, kisha mbili.

Sita mara tano, thelathini. Mara nne, mia na ishirini. Mara tatu, mia tatu na sitini. Mara mbili.

Mia saba na ishirini.

Kila jaribio lingemchukua sekunde tano: kubonyeza, kuvuta kishikio, kufuta.

"Saa nzima," alinong'ona.

"Nini?"

"Mipangilio ni mia saba na ishirini. Sekunde tano kila mmoja. Ni saa nzima."

"Mimi sina saa nzima!"

"Najua."

"Wewe na hesabu zako za ubaoni! Ndoa nzima ulikuwa unanipigia hesabu, na leo..."

"Nyamaza nifikiri!"

Redio ikakwaruza. "Mwalimu. Miwani, dakika sita. Ondoka. Tutalifuata lori kwa njia nyingine."

"Njia gani?"

Hapakuwa na njia nyingine.

"Basi niache," Mwalimu alisema, akaipunguza sauti redio.

Akafumba macho. Akamrudisha mlinzi kichwani, jinsi alivyomwona kwa darubini kabla lango la ghala halijafungwa. Saa mbili alikuja na kikaratasi. Akakisoma, akabonyeza, kidole kikirukaruka huku na huku. Mlango ukafunguka. Saa tatu kasoro alirudi na katoni kwapani, bila karatasi. Safari hiyo kidole kilianzia chini kikapanda hadi juu, moja kwa moja, kama mtu anayepangusa meza. Mlango ukafunguka vilevile. Mwalimu alikuwa amedhani macho yanamdanganya.

Hayakumdanganya.

"Mpumbavu mimi," alisema.

"Hilo nililijua," sauti ilijibu tunduni.

"Kufuli hili halijali mpangilio! Kitufe kikishabaki ndani, kimebaki. Nani alitangulia, nani alifuata, chuma hakijui. Kinachotakiwa ni vitufe vitano sahihi viwe ndani."

"Haiwezekani. Kila asubuhi Miwani anabadilisha mpangilio. Nimemwona mwenyewe akimpa fundi."

"Basi fundi anamla kisogo. Sikiliza. Vitufe vitano vinaweza kupangwa kwa njia mia na ishirini. Kwa kufuli hili, zote hizo mia na ishirini ni kitu kimoja. Mia saba na ishirini gawanya kwa mia na ishirini."

Hata baridi haikuwa imemuua mkemia aliyemo ndani yake.

"Sita," alisema.

"Sita. Kuchagua vitano kati ya sita ni kuchagua kimoja cha kuacha. Basi."

"Na ukikosea?"

"Utakuwa umekufa ukiwa na haki ya kunilaumu. Si ndicho unachopenda?"

Akaacha moja. Akabonyeza tatu, nne, sita, nane, tisa. Akavuta kishikio.

Kigumu.

Akafuta. Akaacha tatu. Kigumu.

Akaacha nne.

Kigumu.

Nje, mbali, injini ya dizeli ilinguruma ikikata kona.

Akaacha sita. Jasho lilimtiririka mgongoni. Kigumu. Akaacha nane. Akavuta kwa mikono miwili.

Kigumu.

"Umekosea," sauti ilisema. Haikuwa na ukali tena. Ilikuwa ya mtu anayeaga. "Mwambie binti..."

"Utamwambia mwenyewe!"

Akafuta. Akaacha tisa. Moja, tatu, nne, sita, nane.

Kishikio kikashuka.

Mlango ulipumua moshi mweupe. Mkemia aliangukia mikononi mwake, mgumu kama ubao, nyusi zimeganda, midomo ya bluu. Mwalimu alimburura hadi penye jua la mlangoni, akamwegemeza ukutani.

"Mikono juu, mama."

Miwani alikuwa amesimama kwenye kona ya makatoni. Suti ya kijivu. Bastola ya Glock mkononi. Lakini hakuwa akimtazama Mwalimu sawasawa. Alikuwa akiutazama mlango ulio wazi, kama mtu aliyekuta mgeni amelala kitandani mwake.

"Nani kakupa namba?"

"Hakuna."

"Mwongo! Namba ya leo tunaijua watu watatu. Nimeibadilisha saa moja asubuhi!"

"Umebadilisha mpangilio tu," Mwalimu alisema taratibu, kwa sauti aliyokuwa akiitumia kwa kidato cha pili. "Kufuli lako halijui mpangilio. Tarakimu zilezile, mlango uleule. Fundi wako analegeza skrubu mbele yako, anazikaza, anachukua chai yake. Amekuwa akikucheka kila siku."

"Nilimsimamia mimi mwenyewe."

"Jaribu kinyumenyume. Nane, sita, nne, tatu, moja. Ikikataa, nipige risasi."

Mtu mwerevu angepiga risasi kwanza. Miwani alikuwa na majivuno, na majivuno hayavumilii fumbo. Akasogea, bastola ikimwelekea Mwalimu, akaubana mlango kwa bega, akapandisha miwani kwenye paji la uso. Macho yake yalikuwa madogo, mekundu, ya kawaida kabisa. Akafuta, kisha akabonyeza kitufe cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Cha nne.

Cha tano.

Kishikio kikashuka.

"Mbwa yule," alisema, akimaanisha fundi, akauvuta mlango achungulie, mkono wenye bastola ukiegemea fremu.

Ilimtosha Mwalimu. Akauvamia mlango kwa nguvu zote. Uzito wote wa chuma ulibana mkono wenye bastola kwenye fremu. Mfupa ulilia. Glock ikaanguka. Teke moja gotini, ngumi moja shingoni, na Miwani alikuwa chini, pingu mikononi, akiapa kumchinja fundi.

Mwalimu akapandisha sauti ya redio.

"Kituo, ninaye. Niunganishe na kizuizi."

Akaisogeza redio kwenye midomo ya bluu.

"Safu mbili za mlangoni... ni dawa halisi," mkemia alisema, meno yakikatakata maneno. "Fungua ya tatu. Vunja chupa moja. Onja. Ni maji ya chumvi."

Kelele za makatoni yakichanwa. Kisha sauti ya kamanda, kali: "Chumvi tupu! Mshusheni dereva!"

"Kazi nzuri, Mwalimu," Mkuu alisema. "Ningekuamuru uondoke, lakini..."

"Uliniamuru niondoke," alimkata, akaizima redio.

Mkemia alikuwa akitetemeka mwili mzima. Akainua macho.

"Ulianza kuacha namba gani?"

"Moja."

"Ungeanza na tisa ningetoka mapema."

Mwalimu alimtazama. Mkono ulimwasha kumzaba kofi. Badala yake akavua jaketi lake, akamvika, akamfunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni, kwa kuwa vidole vya mwenzake havikuweza.

"Usinirudishie," alisema.

Ving'ora vilikuwa vikikaribia. Akatoka getini na shati lake la mikono mifupi, kwa mwendo wa mtu aliyemaliza zamu, na hakugeuka.