Aliyenishikia Mlango

Mlango wa gari ukikataa kukaa, unakataa kwa dharau. Unauinua, matundu yanalingana, unaingiza bolti ya kwanza, unashusha pumzi… nao unashuka. Kidogo tu, unene wa kidole. Matundu yanapishana, kazi inaanza upya. Jioni hii nilikuwa nimeanza upya mpaka nikaacha kuhesabu.

Kesho binti yangu anaolewa. Ninaye huyu mmoja tu. Na jambo moja tu aliniomba: aende ukumbini kwa gari hili la kizamani, akae mbele, kando yangu. "Nyuma wakae wengine, baba. Mimi nakaa na wewe." Sasa utakataaje?

Tatizo ni mlango wa abiria wa mbele. Tangu nilijue gari hili haujawahi kufunguka. Nililirithi kwa mjomba, na siku ananikabidhi ufunguo alisema maneno machache tu: "Chukua gari. Mlango ule uache ulivyo." Nikadhani ni ubishi wa uzee. Miaka yote binti yangu ameingia kwa kuruka kiti cha dereva, akicheka. Lakini bibi harusi na gauni lake hilo, aruke kiti? Aibu ya nani hiyo? Yangu!

Basi nimeshinda na grainda tangu mchana, nazikata bawaba za zamani. Nilidhani ni kutu. Kumbe kuna mtu alizichomelea, pande zote, mshono juu ya mshono. Nikamtukana fundi huyo mpaka nikaishiwa matusi. Bawaba kazi yake ni kuzunguka, wewe unaichomelea! Cheche zilinitoboa shati, vumbi la chuma likaniingia puani, lakini nikazitoa.

Kufunga mpya ndiyo kukawa balaa. Bolti zinaingilia ndani, chini ya dashibodi, na mlango wenyewe ni chuma cha enzi zile, mzito kama kabati la nguo. Lazima mmoja aushike nje, mwingine akaze ndani. Nilijaribu jeki na ubao juu yake. Ukateleza. Nikamwomba mke wangu.

"Inua," nikamwambia.

"Si nimeinua?"

"Hiyo si kuinua, mama watoto, hiyo ni kuegemea."

"Haya, shika mwenyewe, fundi mkuu." Akauachia, akaenda zake ndani kupiga pasi.

Giza likaanza kushuka. Kidole kimechunika, na ile bolti ya chini imeniponyoka mara nyingine ikabingirika chini ya gari. Nilitamani kulia, jamani. Mtu mzima. Nikapiga magoti upande wa dereva, nikajilaza kuvuka sakafu ya gari, kichwa chini ya dashibodi, tochi nimeiegemeza kwenye pedali. Nikapaza sauti:

"Hebu njooni mnishikie huu mlango! Yeyote yule!"

Nikairekebisha tochi.

Halafu nikasikia nyayo kwenye changarawe. Taratibu. Zikasimama nje ya mlango.

"Afadhali," nikasema. "Inua."

Mlango ukainuka. Bila kukwaruza, bila kuhema.

"Shusha kidogo… kidogo tena… hapo! Usitikisike."

Haukutikisika hata chembe. Bolti ya kwanza ikaingia kwa vidole tu. Ya pili vilevile. Moyo ukanipoa, nikaanza hata kupiga mluzi. Ningepaswa kujua hapo. Ndoa yetu haijaanza jana, na mke wangu hajawahi kunitii mara tatu mfululizo.

Kilichonishtua kwanza ni harufu. Udongo mbichi… ule unaounusa shimo likichimbwa. Nikadhani ni uchovu. Nikanyoosha mkono kuchukua bolti ya mwisho.

"Baba watoto, ulikuwa unaniita?"

Sauti ya mke wangu. Kutoka mlango wa jikoni, upande wa pili kabisa wa ua.

Mlango wa gari bado ulikuwa umeshikwa.

Niligeuza macho peke yake, kichwa kilikataa. Kwenye upenyo wa chini niliona vidole vimekamata ukingo wa mlango. Virefu. Vikavu. Vimetulia tu.

"Kaza," ikanong'ona sauti.

Nami nikakaza. Msiniulize kwa nini. Mkono ulikaza wenyewe, mpaka spana ikagota.

Nilirudi kinyumenyume, nikajigonga usukani, nikaangukia changarawe. Nikachungulia juu ya paa la gari. Hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa wazi kabisa, kisha ukarudi polepole na kujifunga.

Tk.

Mlango ulionitesa siku nzima, umefunga kama friji mpya.

"Umefaulu, kumbe!" mke wangu akaniambia, pasi mkononi. "Mbona umepauka hivyo?"

Nilimpita. Nikachukua simu, nikaingia chumbani, nikampigia mjane wa mjomba, ambaye sote tunamwita Bibi.

"Shikamoo Bibi. Ule mlango wa gari… nani aliuchomelea?"



"Marahaba. Mjomba wako mwenyewe. Hukuugusa, mwanangu?"

"Nimebadilisha bawaba."

"Yarabi." Nikamsikia anakaa chini. "Sisi tulikuwa na binti. Wa kwanza. Kabla ninyi hamjazaliwa."

"Sijawahi kusikia."

"Hatukuwa tunasema. Alikaa kiti hicho, kando ya baba yake. Gari likazimika njiani, mjomba wako akafunua boneti. Akamsikia mtu anamsalimia mtoto, kwa adabu sana, na mlango unafunguliwa. Aliposhusha boneti, kiti kitupu. Tulitafuta, mwanangu. Mpaka miguu ikavimba."

"Mtu gani huyo?"

"Tungemjua, tungekaa kimya? Baadaye kila jioni mlango ule ukawa unafunguliwa. Ndipo mjomba wako akauchomelea. Na gari akakataa kuliuza. Alisema pengine mtoto atarudishwa palepale alipochukuliwa." Akavuta pumzi. "Mwanao yuko wapi sasa hivi?"

Sikuaga. Nilitoka mbio.

Nikasikia kicheko uani. Taa ya ndani ya gari ilikuwa inawaka. Binti yangu amekaa kiti cha mbele, kitambaa kichwani, miguu ameinyoosha, anapunga mkono.

"Baba! Umeuweza! Mwepesi, hata sauti hautoi."

"Shuka," nikasema. "Pitia huku kwangu. Upande wa dereva."

"Aa, baba, mlango si huu hapa umepona?"

Nilimkamata mikono miwili nikamvuta, akavuka kiti kama alivyovuka utotoni, ila safari hii hakucheka. Goti lake lilichubuka. Mama yake akaja anafoka, akiuliza kama nimeingiwa na wazimu mkesha wa harusi ya mtoto.

"Nani alikufungulia?" nikamuuliza.

"Fundi wako."

"Fundi gani?"

"Huyo uliyemleta. Mrefu. Ana adabu zake, kanifungulia mlango, kaniinamia na kichwa. Akaniuliza kama kesho nikifika ukumbini anaweza kunifungulia tena." Akajifuta goti, amenuna. "Nikamwambia karibu. Kosa langu liko wapi?"

Mama yake akanitazama. Mimi nikatazama changarawe. Sikuona nyayo zozote isipokuwa zetu.

Nimemwita mtu wa kuchomelea, amekuja akinung'unika, ameuziba mlango ule kuliko mjomba alivyouziba. Sijampa sababu. Harusi haiahirishwi, mke wangu amesema, kwa ajili ya ndoto za mtu aliyeshinda juani bila kula. Kesho mtoto atapanda gari la jirani. Mke wangu anapiga pasi tena, binti yangu amelala amenikasirikia. Mimi nimekaa hapa barazani, mbele ya nyumba, spana bado iko mkononi, nalitazama gari hilo la jirani lililoegeshwa ng'ambo ya barabara.

Lina milango minne. Na mimi nina mikono miwili tu.