Mlango kwa Mlango

Mama Sindano alikuwa fundi cherehani. Mchana huo alikuwa akishona sare za shule. Mguu mmoja ulikanyaga cherehani, mwingine alikuwa ameunyoosha kwa sababu ya goti bovu. Simu ikalia. Alikuwa binti yake, anayefanya kazi mji wa mbali.

“Mama, keshokutwa saa saba mchana nafanyiwa upasuaji. Nina uvimbe tumboni. Lakini usije, ni mbali.”

“Nani kakuuliza? Nakuja.”

Jioni shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, alifika akiwa amekunja uso.

“Shemeji, ni kilomita mia tisa! Basi linalala njiani. Na goti hilo?”

“Nitapanda ndege.”

“Ndege? Kwa umri huo?”

“Goti langu halirushi ndege, shemeji. Rubani yupo.”

Mwanawe wa kiume akacheka. “Baba Mkubwa, ndege ni mwendo wa saa moja tu. Mama, panda ya saa tano asubuhi, siku hiyohiyo ya upasuaji. Saa sita umefika.”

Jirani yao, muuza tiketi za ndege, alikuwa amekuja kuchukua gauni lake. Akaliweka gauni kitini.

“Hapana, mdogo wangu. Ukimpeleka hivyo, atakuta dada yako ameshaingizwa chumba cha upasuaji.”

“Kwa nini? Si saa moja?”

“Saa moja ni ya angani tu. Kwanza lazima awe uwanjani muda wa saa mbili kabla ya ndege kuruka. Akishuka, atasubiri begi. Halafu kutoka uwanja wa ndege hadi mjini ni mwendo mwingine, na foleni ya magari haimjui mgonjwa. Safari huhesabiwa mlango kwa mlango, si uwanja kwa uwanja.”

“Na hizo kilomita mia tisa?” shemeji akauliza.

“Hizo ni za barabara. Barabara inazunguka ziwa na milima. Ndege haizunguki sana, kwa hiyo njia yake ni fupi, kama kilomita mia sita. Lakini upepo ukiipinga, itachelewa kidogo. Mama, ondoka kesho mchana, ulale huko.”

“Umesema kweli, mwanangu,” Mama Sindano akajibu. “Nikatie hiyo ya kesho.”

Shemeji akasimama. “Mimi ndiye mkubwa wa familia hii. Sijakubali!”

“Nakuheshimu, shemeji. Lakini mimi siombi ruhusa. Naaga.”

Kesho yake akaondoka nyumbani mapema. Ndege ilichelewa kuruka, na mjini foleni ilikuwa ndefu. Hata hivyo, alifika kwa binti yake kabla ya giza. Binti alipofungua mlango, alimkumbatia mama yake shingoni akalia kama mtoto.

“Nilikwambia usije,” akasema.

“Nilisikia. Sogea niingie.”

Siku ya upasuaji walikwenda hospitali pamoja. Mama alimshika mkono hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Pale muuguzi alimwomba auachie. Alikaa kwenye benchi, hakuondoka hata kunywa maji. Jioni binti alifumbua macho, akamwona mama yake, akatabasamu. Uvimbe ulikuwa umetolewa.

Simu ikalia. Alikuwa shemeji.

“Mtoto anaendeleaje?”

“Ameamka. Anakuulizia.”

Shemeji akashusha sauti. “Hebu niambie, shemeji. Hiyo ndege… inatikisika?”

“Inatikisika sana. Funga mkanda, uje umwone mwanao.”