Ubeti Uliokatwa

Rekodi ya kwanza iliharibika, Edna akaulaumu upepo. Ya pili akamlaumu muuza samaki aliyepita nje akipiga honi. Ya tatu hapakuwa na wa kumlaumu. Alikuwa amefunga madirisha na kuzima feni, na bado kila alipomaliza mstari, simu ilinasa pumzi ya mtu anayejiandaa kuitikia.

Jarida moja la fasihi lilikuwa likifufua mashairi kutoka matoleo yake yaliyopita, na yeye, mwalimu wa Kiswahili hapo Korogwe na mwimbaji wa kwaya, aliombwa asome moja kwa sauti. Lilikuwa la Hiza, mkulima wa Kwaluguru: beti fupi za kumkaribisha mgeni wa porini. Kazi ya dakika chache tu, lakini imemla mchana kutwa! Alisonya, akaanza upya.

"Njoo mwenye nyika, kiti kimetandikwa..."

Sauti ikakwaruza. Akanywa maji ya moto yenye tangawizi, akasoma, ikakwaruza zaidi. Chumba kikaanza kunuka maganda ya mkonge yaliyooza, na mashamba ya mkonge yako mbali na kwao.

Mumewe, Castory, aliporudi kutoka kazini alimkuta akinong'ona kwa hasira. Edna alimpa simu asikilize rekodi ya mwisho. Mle alimonong'ona, ilitoka sauti yake nzima, nzito na safi, ile ya kanisani, na nyuma yake kuna mtu akiitikia kwa furaha. Castory aliizima simu haraka. Hawakula.

Kulipokucha hata mnong'ono ulikuwa umekwisha. Castory alimpakia kwenye pikipiki kwenda Kwaluguru, na njia nzima Edna alilia kwa uchungu na ghadhabu, maana bila sauti angefundisha nini, angeimba nini, na yote hayo kwa shairi ambalo hata hakulipenda sana.

Walimkuta Hiza akipalilia mahindi. Edna alifungua mdomo ampe shikamoo, haikutoka. Castory akaeleza. Mzee aliuliza kama kweli shairi lilisomwa kwa sauti, kisha akaketi palepale kwenye tuta.

Yalikuwa maneno ya bibi yake, mganga, ya kumwita pepo ngomani. Pepo akishapewa kiti, yaani mtu wa kumkalia, huagwa na mdomo uleule uliomwita, na yeyote anayemwitikia humpa kiti kipya. Hiza aliandika yote, kukaribisha na kuaga.

"Wale wa jarida waliukata ubeti wa kuaga," alisema. "Waliniambia unarudiarudia maneno. Nikanyamaza. Niliona watu watasoma kimoyomoyo tu, basi."

Castory alimsihi auseme yeye, yaishe.

"Mimi sikumwita, mwanangu. Aseme mkeo."

Basi Hiza akawa anatamka polepole, umekula, umecheza, inuka urudi nyikani, na Edna anamfuata kwa midomo, neno kwa neno, mishipa ya shingo imemsimama, hewa inatoka lakini haibebi kitu, anarudia na kurudia huku akijipiga kifua kwa ngumi, na kila anaporudia ile harufu ya mkonge uliooza inapanda kutoka katikati ya mahindi, na majani yanatikisika mstari mmoja mwembamba kuwaelekea, ingawa hapakuwa na upepo hata kidogo, mpaka Hiza mwenyewe akasahau alipofika.

Majani yakatulia. Nyuma ya Castory, karibu kabisa na sikio, sauti ya mkewe ikasema kwa upole, kama kila jioni:

"Baba Asnath, nimechoka. Twende nyumbani."

Edna alikuwa mbele yake, akitikisa kichwa kwa nguvu, viganja vyote viwili vikikimbilia kumziba mdomo. Lakini Castory, kwa mazoea ya miaka yote ya ndoa, alikuwa ameshaitika.