Baiskeli Isiyo na Mnyororo

Jumatano jioni Mardhiya alirudi kutoka kazini, akafungua mlango wa chini, akasikia tiki, tiki, tiki. Akawasha taa. Baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta palepale ilipoachwa tangu Jumapili, lakini gurudumu la nyuma lilikuwa likizunguka pole pole, kama limeguswa na mtu aliyepita sasa hivi. Akalishika, likatulia. Kiganja chake kikabaki na maji, na maji yale yalinuka matope ya mto.

Nyumba yao ilikuwa juu ya duka la nyama, Lewisham, kusini mwa London, na kutoka mlango ule hadi sebuleni kulikuwa na ngazi nyembamba, imesimama wima, ya vidato kumi na vinne. Aliipanda akiita jina la mumewe. Nizar hakuwa amerudi kutoka duka la dawa alikofanya kazi. Mardhiya akajisemea ni upepo tu, ingawa mlango ulikuwa umefungwa siku nzima.

Sasa jambo moja tuliseme mapema, lisije likatuaibisha mbele: Mardhiya alikuwa na wivu. Si ule wivu wa kutia mapenzi chumvi, ambao mume akiuona hucheka na kujiona mtu. Wake ulikuwa wa kunusa kola za mashati na kusoma risiti. Miaka kumi na tisa ya ndoa, tangu walipokuwa Unguja, Nizar hakuwahi kukutwa hata na unywele usiokuwa wa mkewe, na hilo badala ya kumtuliza lilimtia shaka zaidi. Mwizi asiyekamatwa, alisema Mardhiya, ndiye mwizi hodari.

Halafu daktari akamwambia Nizar apunguze uzito, na Nizar akajiunga na kundi la waendesha baiskeli wa Jumapili. Walipanda treni na baiskeli zao hadi upande wa Kent, kwenye bonde la mto ambako reli ya zamani iling'olewa ikabaki njia laini, gari halipiti hata moja. Akirudi hana jingine la kusimulia ila ngome tatu zinazouchungulia mto, mabata, na hewa safi. Na Lata. Lata alikuwa kiongozi wa kundi, mjane wa Kingsbury, upande wa pili wa London, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye Kiswahili cha Kariakoo na miguu ambayo Nizar, kwa mdomo wake mwenyewe, aliisifu kuwa ni ya chuma. Mume akishajua miguu ya mjane imetengenezwa kwa nini, mke atalalaje?

Basi Mardhiya, na miaka yake arobaini na minne, akajifunza baiskeli. Alianguka bustanini wiki tatu mfululizo mpaka magoti yakawa kama ya mtoto wa chuo cha Kurani, na ilipofika Septemba akawa nyuma ya Nizar, bega kwa bega na kivuli chake.

Jumapili ile, siku tatu kabla ya gurudumu kuzunguka, kundi lilipumzika chini ya ngome ya tatu, iliyobaki ukuta mmoja na mnara usio na paa. Mardhiya akatandika kanga majanini, akatoa chapati, kuku wa kukaanga na chupa ya chai ya iliki. Nizar alikuwa kule ng'ambo ya njia, amesimama na Lata anayemenya chungwa, wanacheka. Hapo akaja mwanamke juu ya baiskeli nyeusi ya kizamani. Koti lake lilikuwa na rangi ya kuvu, na pindo lake lilichuruzika maji ilhali siku ilikuwa kavu. Akapunguza mwendo, akatazama chakula.

Mardhiya, macho yote kwa Lata, akafanya kile ambacho kila aliyelelewa kwao hukifanya mtu anapomkuta anakula. Wala hakumtazama vizuri.

"Karibu," alisema.

Kwa miaka yote aliyokaa London hakuna Mwingereza aliyewahi kuitikia karibu ya njiani. Huyu alishuka. Alikaa kwenye ncha ya kanga, akamega chapati, akala, akanywa chai kikombe kizima. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha Mardhiya mwenyewe, na sauti ileile, na lafudhi ileile ya Mji Mkongwe:

"Yule ndiye unayemtazama?"

Mardhiya akamgeukia.

"Usijisumbue," mgeni alisema kwa sauti ya chini. "Nitakuangalizia."

Akapanda baiskeli yake akaelekea mnarani, tiki, tiki, tiki. Alipokwisha kupotea ndipo Mardhiya akatambua kilichokuwa kikimsumbua jicho. Baiskeli ile haikuwa na mnyororo.

Hakumwambia Nizar. Angeanzia wapi, bila kusema alikuwa akimchunga nani? Na sasa, Jumatano ile, akiwa jikoni anakata vitunguu, harufu ya matope ikapanda ngazi, ikasimama mlangoni nyuma yake.

"Amesimama na Lata dukani," sauti ilisema. "Dakika kumi na mbili."

Kisu kilimponyoka. Hakugeuka. Nusu saa baadaye Nizar aliingia, akavua koti, akasema, "Lata alipita dukani, kachukua dawa yake ya pumu. Anakusalimu sana."

"Mlizungumza?"

"Kidogo tu. Dakika kumi hivi."

Mtu mwenye akili zake angekesha akisoma Ayatul Kursiy. Mardhiya aliisoma pia, lakini mara moja tu, na alipokwenda kulala aliuacha mlango wa jikoni wazi.

Mwezi mzima ukapita hivyo. Hakwenda tena bondeni. Ya nini kuumiza magoti, naye ana jicho la kumwangalizia? Kila Jumapili alikaa jikoni na kikombe cha chai cha pili mbele ya kiti kitupu, akauliza, akajibiwa. Wamepita ngome ya kwanza. Wamesimama, anamjazia upepo gurudumu. Amemsaidia kupanda kilima. Kila neno lilikuwa kweli, maana Nizar akirudi aliyasema yaleyale bila kuulizwa, kwa uso mweupe wa mtu asiye na la kuficha. Na kila kweli ilimchoma kuliko uongo. Wakati mwingine alikuwa akiona chai ya kikombe cha pili imepungua.

Jumapili moja ya Oktoba akasema, kama mtu anayejisemea, "Laiti angerudi mapema."

Nizar alirudi saa sita mchana, kidevu kimechubuka. Aliketi kwenye kidato cha chini, hakutaka kupanda.

"Kitu kimenishika usukani," alinong'ona. "Njia tupu, Mardhiya, imenyooka, hata paka hakuna. Nimeona vidole, vimelowa. Usinicheke."

Hakumcheka. Alikuwa ametega sikio kule juu, nyuma ya mlango wa jikoni, ambako sauti yake mwenyewe ilikuwa ikisema taratibu, "Ulitaka arudi mapema. Nimemrudisha."

Hapo ndipo hofu ilipompata sawasawa. Akawa anaswali na kusoma na kufukiza ubani mpaka king'ora cha moshi kikalia, na kila alipoanza kusoma ile tiki-tiki ya chini ya ngazi ilinyamaza kwa adabu, ikamsubiri amalize, kama mgeni anavyomsubiri mwenyeji atoke kwenye msala, na alipotoa salamu tu gurudumu likaendelea pale lilipoachia, na harufu ya matope ikawa imeshaingia kwenye mito na kwenye mtungi wa mchele na kwenye nywele za Nizar aliyelala hajui kitu.

"Toka," alisema siku moja, amesimama juu ya ngazi.

"Hunifukuzi," sauti ilijibu. "Waniuliza kila siku."

Jumapili iliyofuata aliapa kutouliza, na hadi saa tano aliweza. Kisha akauliza, mara moja tu, wako wapi. "Darajani. Lata anamfunga helmeti. Vidole viko chini ya kidevu chake." Mardhiya hakutamka neno. Aliwaza tu, na aliyoyawaza hayaandikiki.

Simu ililia baada ya robo saa. Nizar alikuwa amerushwa juu ya ukingo wa daraja. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, na angekuwa mtoni kama mtu hangemdaka koti. Kilichomuuma Mardhiya kuliko yote, Mungu amsamehe, ni kwamba mkono uliomdaka ulikuwa wa Lata.

Siku ya pili alimtafuta Bi Thuweba, Mpemba, dereva wa basi, aliyerithi kwa bibi yake kazi nyingine asiyoitangaza. Bi Thuweba alikuja na koti lake la kazini, akasimama chini ya ngazi, akavuta hewa puani. Hakukubali kupanda.

"Nani kamkaribisha?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mie, bibi. Nilikuwa nala, akapita."

"Basi ndo maana visomo havimtoi. Kaingia kwa ruhusa, kala chakula chako. Mgeni hafukuzwi, husindikizwa. Mrudishe ulikomtoa, mlishe ulichomlisha, akipanda baiskeli yake mwambie kwaheri, ugeuke uondoke. Na lile neno letu la mlangoni ulimeze."

"Neno gani?"

"Karibu tena. Mara ya kwanza mtu hukaribisha bila kujua. Ya pili unajua. Ukilisema, huyo si mgeni tena, ni mwenye nyumba. Na mumeo keshaanguka mara mbili. Ya tatu hatoinuka. Weye mwenyewe, Mardhiya, wataka kweli aende?"

"Nataka," Mardhiya alijibu, na alijibu haraka mno.

Jumapili ya Novemba, mvua za rasharasha, alimwacha Nizar kitini, mkono umefungwa shingoni. Alimwambia anakwenda kunyoosha miguu. Kule bondeni hapakuwa na mtu. Njia ilikuwa imefunikwa na majani yaliyooza, na tangu aliposhuka kwenye treni kulikuwa na tiki-tiki nyuma yake iliyokwenda akienda na kupunguza akipunguza, na akapita ngome ya kwanza asitazame nyuma, na ya pili yenye kunguru kwenye kila dirisha, na mto kando yake ukawa umejaa, mweusi, ukienda kasi kuliko yeye, na ingawa ilikuwa saa tisa tu alasiri mwanga ulikuwa unakwisha, na alipofika chini ya mnara usio na paa akatandika kanga, akatoa chapati, kuku na chai.

Mgeni alikaa palepale, kwenye ncha. Alikula chapati. Alikula kuku. Alikunywa chai, akakiweka kikombe taratibu, akainuka na koti lake linalochuruzika.

"Ahsante kwa ukarimu."

"Kwaheri," Mardhiya alisema.

Alipaswa kugeuka. Mgeni akaweka mguu kwenye pedali, lakini hakwenda. Alisubiri, kama wanavyosubiri wageni mlangoni, wakijua kuna neno moja limebaki.

"Lata yuko kwako," alisema kwa upole. "Keshavua viatu."

Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa meseji ya Nizar, asiye na la kuficha: *Lata kaja na supu. Mvua imemlowesha, nimempa kanga yako ajifute.*

Kutoka Kingsbury hadi Lewisham, treni juu ya treni, kwa bakuli la supu. Na kanga ipi? Aliisoma meseji mara mbili. Aliiona kanga kwenye nywele zile, aliona mikono ya Nizar ikiikabidhi, na mbele yake aliona Jumapili zote zijazo, ameketi jikoni na kikombe kimoja, hajui chochote.

"Karibu tena," alisema.

Watu wa kwao wangemsamehe. Ulimi umezoea, wangesema, neno lenyewe hutoka bila kutumwa. Lakini halikumponyoka. Alilichagua, na alilitamka vizuri.

Mgeni hakutabasamu. Aligonga kengele mara moja, na njia ikawa tupu.

Mardhiya alipiga simu nyumbani. Tuseme ukweli wote: hakupiga kumwonya. Alitaka kusikia kama Lata bado yumo.

"Kashaondoka sasa hivi," Nizar alisema. "Hakukaa hata dakika tano, maskini. Kaniachia supu, anasema nikuwekee. Kumbe na weye umesharudi?"

"Nimerudi?"

"Si nasikia baiskeli yako hapo chini."

Mardhiya aliitazama baiskeli yake. Ilikuwa imelala majanini, mvua inaipiga. Ndani ya simu, kwa mbali, akaisikia sauti yake mwenyewe, tamu kuliko alivyowahi kuitumia kwa mumewe, ikiita kutoka chini ya ngazi. "Nizar. Njoo unipokee."

"Hebu ngoja," Nizar alisema kwenye simu, akicheka, kama mtu anayefanyiwa mzaha. "Nakuja kukupokea."

"Usishuke," Mardhiya alisema. "Nizar, si mie. Usishuke."

Lakini simu ilikuwa imeshawekwa mezani, haikukatwa. Akaisikia sebule yao, saa ya ukutani, kijiko kikilia ndani ya bakuli. Akasikia kandambili za Nizar zikifika kwenye ngazi, na kule chini gurudumu likizunguka kwa kasi, tiki-tiki-tiki, likimsubiri. Kidato cha kwanza. Cha pili. Alikuwa akishuka pole pole, kwa sababu ya mkono. Mardhiya alipiga kelele kwenye simu mpaka kunguru wakaruka mnarani, na kati ya kelele na kelele akawa anahesabu.

Vidato vilikuwa kumi na vinne. Alihesabu hadi sita.